Usisubiri Kuulizwa Una Nini

Juzi nimepata ujumbe wa binti mmoja wa Mbeya: "Shikamoo dada. Nimepata chuo Ujerumani. Nibebe nini?" Marahaba mdogo wangu. Nilianza kumwandikia orodha, nilipofika kwenye koti nikaacha. Oktoba 2022 mimi nilikuwa na orodha ndefu kuliko hiyo, na haikunisaidia kitu.

Nilitua Frankfurt siku ya Jumapili, nikapanda treni hadi Leipzig. Nateremka natafuta mkate, mtaa mzima umefungwa. Kule Jumapili maduka hayafunguliwi, ni sheria, ukitoa yale ya vituo vikubwa vya treni, vituo vya mafuta na mengine machache. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba sijui. Nikala kashata za mama hadi Jumatatu.

Chumba nilikuwa sina. Nililala kwenye kochi la Mtanzania mwenzangu wiki tatu, kila alfajiri nakunja blanketi kabla hajaamka nisije nikaonekana mzigo. Siku moja bwana mmoja akaniambia kwa simu nikaone chumba chake "halb zehn". Halb ni nusu, zehn ni kumi. Hicho Kijerumani nilikuwa nacho. Nikajumlisha: kumi na nusu, kwa saa zetu ni saa nne na nusu. Nikapiga pasi gauni. Kumbe wenzetu wanahesabu nusu ya kuiendea kumi, yaani tisa na nusu, saa tatu na nusu yetu. Nafika, bwana ananiambia chumba kimeshachukuliwa. Akafunga mlango taratibu, wala hakukasirika. Bora angefoka.

Nikaapa sitachelewa tena. Ratiba ya somo la kwanza inasema 10, mbele yake herufi mbili, c.t. Saa nne kasoro tano nipo mlangoni. Ukumbi mtupu, taa zimezimwa. Nikasubiri dakika kumi, nikaondoka nikijua kipindi hakipo. Wiki ya pili hivyo hivyo. Herufi zile ni za Kilatini, na maana yake ni kwamba kipindi kinaanza robo saa baadaye. Vipindi viwili vimenipita kwa kuwahi! Mtu wa Tanga, kwa kuwahi! Na mwanafunzi aliyekuja kunieleza hakutumia hata dakika.

Kwetu ukinyamaza, jirani atakuuliza, "Mbona umenyong'onyea, una nini?" Kule ukimya wako unaheshimiwa. Watakuachia ukae nao. Halafu mimi nilikuwa na kiburi, acha niseme ukweli. Nimezoea kuongoza darasa tangu shule ya msingi, leo niulize saa?

Chumba kilipopatikana tulikuwa wanne, jiko moja. Novemba nikakaanga dagaa. Kesho yake nakuta karatasi kwenye friji, imeandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa, kwamba harufu ile inasumbua. Haina jina. Watu tunaopishana kwenye korido kila siku! Wiki nzima sikuingia jikoni, nikawa nakula mkate chumbani mlango umefungwa, na nje saa kumi na moja jioni giza limeshaingia. Mwishowe nikamfuata mmoja wao nikamuuliza. Akacheka, akasema ni yeye, alitaka tu nifungue dirisha. Alikuwa ameshasahau. Mimi sijasahau, na ile karatasi ninayo hadi leo.

Kwa hiyo mdogo wangu, uliza. Ukipewa saa, irudie kwa tarakimu. Hujaelewa barua, mpelekee mtu akusomee. Vijana wetu tunaona kuuliza ni ushamba, tunaenda kuumia kimyakimya vyumbani huku mtandaoni tunaweka picha za theluji. Wazazi wameuza shamba, wewe unaona aibu kuuliza ukumbi uko wapi? Uliza na mambo ya fedha kabla hujaondoka. Wakati wangu ile akaunti inayofungiwa kwa ajili ya viza ilitakiwa iwe na euro 10,332, unachukua 861 tu kwa mwezi. Nimeona walishapandisha hadi 11,904, ambazo ni 992 kwa mwezi. Ndugu watasikia ile jumla peke yake, hiyo ya mwezi hawataisikia. Mjomba wangu mpaka leo anadai simu.

Shahada nimeshaichukua, na niliitetea kwa Kijerumani, wale wa "atarudi kabla ya Krismasi" wapate habari.

Haya, orodha yako. Dagaa beba, samaki wakavu wanaruhusiwa. Nyama na maziwa utanyang'anywa uwanja wa ndege. Koti usihangaike nalo. Vaa sweta mbili ufike, kisha uliza duka la mitumba liko wapi. Mimi nilipata langu kwa euro 15, na hadi leo silivui mwezi wa Februari.