Miaka miwili ya aikido na bado kyu ya 4: niliyopitia mimi

Mkuu uliyeanzisha uzi, nimekusoma mpaka mwisho. Una miaka miwili kwenye aikido, sanaa ya mapigano ya Kijapani, bado uko kyu ya 4 (kyu ni madaraja ya chini ya dani, yanahesabiwa kushuka kutoka ya 5 hadi ya 1), ulioanza nao wamekupita, na rafiki yako wa ngumi anakucheka kwamba unacheza dansi. Unauliza uendelee au uhame, na kama ununue hakama, ile suruali pana ya mikunjo, sasa hivi. Mimi nilianza nikiwa na miaka 34, hapa hapa Dar, na dani ya kwanza, yaani mkanda mweusi, nimeipata mwaka wa tisa. Kipaji sina. Kazi yangu ni kuchomelea mageti, kwa hiyo mikono ninayo, na hiyo mikono ndiyo iliyonichelewesha.

Kwanza tupige hesabu, maana wengi tunahesabu miaka wakati kinachotakiwa ni siku. Kwa utaratibu wa Aikikai, shirika la aikido lenye makao makuu Shinjuku, Tokyo, unahitaji siku 30 za mazoezi ndipo ufanye mtihani wa kyu ya 5, kisha 40 kwa ya 4, 50 kwa ya 3, 50 nyingine kwa ya 2, 60 kwa ya 1, na 70 ndipo uombe dani ya kwanza. Jumla 300, na hicho ni kiwango cha chini kabisa. Ukienda mara mbili kwa wiki bila kukosa, ni karibu miaka mitatu. Sasa niambie nani mjini hapa hakosi. Masika, foleni ya Mwenge, msiba, mfungo, mteja anayetaka geti lake leo leo. Mimi nilikuwa naandika kwenye daftari. Nilipolifungua baada ya miaka yangu miwili ya kwanza nikakuta siku 91, na hapo nilishaanza kujiita mkongwe. Fungua la kwako kabla hujamlaumu sensei, mwalimu wako.

Na hata mwanzilishi wa aikido hakuipata kwa mwaka. Morihei Ueshiba alizaliwa 1883, akakutana na mwalimu Takeda Sokaku huko Hokkaido mwaka 1915 akaanza kujifunza Daito-ryu, sanaa ambayo aikido ilitokana nayo, na jina aikido likaja kuwa rasmi 1942. Piga hesabu mwenyewe.

Tuje kwenye kukwama. Siku yangu ya kwanza sensei alininyooshea kidole akasema, "Wewe utakuwa uke." Ukumbi mzima ulicheka mpaka mwingine akatoka nje. Ilibidi tuelezwe kwamba kwa Kijapani uke ni yule anayeshambulia halafu akaangushwa, na mwenye kuangusha ni nage. Utani ule ulinikaa vibaya. Kwa miaka mitatu nilikuwa naona zamu ya uke ni ya kumsaidia mwenzangu tu, yangu ya kweli ni ya kuangusha. Nikiangushwa nakaza mwili, nikiinuka nasubiri zamu yangu.

Nikafika mtihani wa kyu ya 3 nikafeli. Kilichoniangusha ni shihonage, mbinu ya kumwangusha mtu kwa kumkunja mkono kuelekea bega lake, tena ile ya kushikwa mkono mmoja, tuliyofundishwa tangu kyu ya 5. Mwenzangu alinishika kwelikweli, nikavuta, akavuta, tukabaki pale kama watu wanaogombania jiko la mkaa. Nilikuwa nauzungusha mkono wake nje, mbali na kifua changu, kwa nguvu za bega. Wiki mbili baadaye, kwa hasira zangu, nikamkazia mtu aliyekuwa ananifanyia shihonage hiyo hiyo. Nilitaka kumwonyesha kwamba haifanyi kazi. Bega likalia. Kosa langu, sikumlaumu.

Nikakaa pembeni wiki sita. Wajapani wana jina la hilo, mitori geiko, mazoezi ya kutazama. Unapiga magoti ukingoni mwa tatami, yaani mikeka ya mazoezi, unaangalia. Siku za kwanza nilitazama mikono, sikuona kitu. Wiki ya tatu hivi, kwa uchovu, macho yakashuka chini, nikaanza kuangalia miguu. Hapo ndipo nikaona kitu ambacho sensei alikuwa anakisema kila siku: kwa wanaoweza, nyonga na mguu vimeshahama kabla mkono haujafanya lolote. Kuna mama mmoja pale, mwili mdogo, mhasibu. Mkono wake aliuacha pale pale uliposhikwa, mbele ya kitovu chake, yeye ndiye akauzunguka. Jamaa wa kilo 90 anashuka chini, na mkono wake umekunjwa karibu na bega lake mwenyewe, wala haujavutwa nje.

Niliporudi bega lilikuwa bado halina uhakika, nikawa uke peke yake karibu miezi miwili. Mkuu, hiyo miezi miwili ilinifundisha kuliko ile miaka mitatu. Ukiwa uke mwenye kulegea bila kujiachia, unasikia kwenye kifundo cha mkono ni wapi mwenzako anatumia bega na wapi anatumia nyonga. Huwezi kulisikia ukiwa umekaza. Nilipofanya mtihani tena shihonage ilipita hata sikumbuki ilivyopita.

Kuhusu rafiki yako wa ngumi, ana hoja. Nilikwenda gym moja ya mtaani miezi mitatu, na ngumi za mkono wa kushoto zilinifikia usoni kabla sijafikiria tenkan, ule mgeuko wetu wa kukwepa. Shomenuchi, lile pigo la kushuka kichwani tunalopigana ukumbini, ni pigo la upanga, na Dar hakuna atakayekujia hivyo. Tena karibu sote hatuna mashindano. Tawi la aikido la Kenji Tomiki, mwanafunzi wa Ueshiba, ndilo linalojulikana kwa kuwa nayo. Bila mashindano ni rahisi kudanganyana, mwenzako anaanguka kwa adabu, nawe unaamini umemwangusha. Kama shida yako ni kupigana, nenda kwenye ngumi au judo na usione aibu. Ila usihame kwa sababu ya kyu. Kule nako utakwama mahali.

Faida ya mtaani niliyoipata mimi ni kuanguka tu. Niliteleza Kariakoo kwenye tope na trei ya mayai mkononi, nikajiviringisha ushiro ukemi (kuanguka kinyumenyume bila kuumia) safi kabisa, sikuchubuka. Mayai hayakuwa yamesoma ukemi.

Ushauri wangu, fanya hivi Alhamisi hii: mwombe yule mnayeshikana naye vibaya kuliko wote muwe pamoja saa nzima, umwambie akushike kweli na asianguke kama hujamwangusha. Zamu yako ya uke, usiwaze zamu inayofuata. Halafu uje utuambie.

Hakama usinunue. Pale kwetu inavaliwa kuanzia dani ya kwanza, ulizia kwenu. Mimi nilijifanya mjanja nikashonesha mapema kwa fundi cherehani wa jirani, mikunjo mitano mbele, miwili nyuma. Fundi aliigeuza geuza, akaniuliza kama ni suruali au sketi ya mke wangu. Ikakaa kabatini miaka minne. Nilipokuja kuivaa ilikuwa imenibana kiunoni.