Usiseme "ni uzee tu": maswali yenu kuhusu mbwa waliozeeka

Barua za mwezi huu karibu zote zimebeba maneno yale yale: "labda ni uzee." Mbwa mkubwa, wa kilo 30 na kuendelea, huanza kuhesabiwa mzee akifika miaka 7, mdogo hufika 10 kwanza. Lakini uzee wenyewe haumfanyi mbwa achechemee, wala akojoe sebuleni, wala akohoe usiku kucha. Hayo yana chanzo chake, na mara nyingi dalili ya kwanza unaweza kuikamata wewe mwenyewe nyumbani kwa mzani wa bafuni, chupa ya maji na saa ya simu.

*

Shikamoo daktari. Simba wetu ana miaka 10, chotara wa German Shepherd. Asubuhi anainuka kwa shida na miguu ya nyuma inateleza kwenye vigae. Jirani alinishauri diklofenaki, nikampa nusu kidonge kwa siku mbili, akatembea vizuri kabisa. Siku ya tatu amekataa chakula na kinyesi kimekuwa cheusi. Niendelee?
*Msomaji, Tabata Segerea*

Marahaba. Usiendelee, hata kwa robo kidonge. Kinyesi cheusi kinachonata kama lami ni damu iliyopita tumboni, maana yake dawa imechubua tumbo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii, na ubebe paketi ya vidonge aione. Usimbadilishie kwa Brufen wala Panadol; Brufen ina hatari ile ile, na Panadol ikizidi huharibu ini.

Diklofenaki inatuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, na kemikali hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kuweka mtiririko wa damu kwenye figo. Kipimo anachokivumilia mtu kinamzidi mbwa, na mbwa mzee ambaye figo zake zimeshachoka huumia mapema zaidi. Maumivu hutulia kwanza, madhara hufuata; ndiyo maana siku mbili za kwanza huonekana nzuri.

Dawa za maumivu zinazofaa mbwa zipo. Meloksikamu, kwa mfano, hutolewa miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito siku ya kwanza, kisha 0.1 kwa kilo mara moja kwa siku, pamoja na chakula. Kwa Simba, tuseme ana kilo 30, ni miligramu 3 kwa siku baada ya ile ya kwanza. Vidonge vya duka la dawa za binadamu ni vya miligramu 7.5 au 15, yaani mara mbili na nusu hadi mara tano ya anachohitaji. Lakini kwa sasa hata hiyo asipewe: tumbo lipone kwanza, figo zipimwe, ndipo daktari aamue. Na kama aliandikiwa prednisoloni (dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe na mwasho), mwambie daktari, kwa sababu hiyo na dawa ya maumivu zikikutana zinaweza kutoboa tumbo.

Kabla ya dawa yoyote, tujue ni ugonjwa gani. Msimamishe Simba kwenye zulia, mshike tumboni asielemee, kisha ukunje mguu wa nyuma ili mgongo wa unyayo uguse chini. Mbwa mwenye mishipa mizima ya fahamu huurudisha papo hapo. Akiuacha umekunjika sekunde kadhaa, au kama kucha zake za nyuma zimelika upande wa juu kwa kuburuzwa, tatizo huenda liko kwenye uti wa mgongo, na jamii ya German Shepherd ina ugonjwa wake wa uti ambao hauumi na hausikii dawa ya maumivu. Anayeamka mkakamavu halafu akalainika baada ya dakika chache za kutembea, huyo ni wa maungio. Mtazame na fizi pia. Zikiwa nyeupe, au akitoka damu puani, daktari achukue damu, kwa sababu ugonjwa wa kupe nao huleta maumivu ya viungo, na Dar kupe wapo mwaka mzima, wamejificha kwenye nyufa za ukuta wa banda.

Ikithibitika ni maungio, kitakachomsaidia kuliko vyote ni kupungua uzito. Pitisha vidole kwenye mbavu zake bila kubonyeza. Zikisikika kama mgongo wa kiganja chako ukiwa umenyoosha vidole, yuko sawa. Zikisikika kama upande wa ndani wa kiganja, amenenepa. Kwa mbwa wa kilo 35, kutoa kilo 2 au 3 tu kunaonekana kwenye mwendo wake. Mpime kila wiki mbili: jipime peke yako, kisha ukiwa umembeba, kama hubebi, daktari ana mzani wa sakafuni.

Vigae ni adui yake. Tandika vipande vya mpira au mkeka wenye mpira chini kutoka anapolala hadi mlangoni na hadi kwenye chombo cha maji, mfululizo, maana akifika pengo la vigae atasita na miguu itaachana. Kata kucha: zikisikika zinagonga sakafu, ni ndefu. Saruji nayo humtoa sugu kwenye viwiko, na sugu hupasuka ikawa kidonda. Mpe godoro la sifongo la inchi 4, lifunikwe turubai, juu yake gunia au kanga kuukuu inayofulika.

Matembezi yawe ya dakika 10, mara mbili au tatu kwa siku, kabla ya saa 1 asubuhi na baada ya jua kuzama. Mkiweza kufika ufukweni mapema, maji yakiwa yamekupwa, mtembeze kwenye maji yanayomfika tumboni kwa dakika 5: maji yanambeba, misuli inafanya kazi, maungio yanapumzika. Asinywe maji ya chumvi, na mkirudi msuuze kwa maji baridi na kumkausha masikio.

*

Habari za kazi. Popi ni jike wa miaka 9, kilo 20, hajafungwa kizazi. Mwezi wa pili huu anakunywa maji mno na anakojoa ndani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nimeamua kuondoa maji kuanzia jioni. Anakula ugali na dagaa. Ni sawa?
*Dada msomaji, Kimara*

Dada, rudisha maji kabla hujamaliza kusoma. Popi hakojoi kwa sababu anakunywa. Anakunywa kwa sababu mwili unapoteza maji na anajaribu kuyarudisha. Ukimnyima, figo zinaweza kusimama kwa usiku mmoja.

Tupate kipimo. Kwa siku tatu, jaza chombo chake kwa chupa ya lita 1.5 na uandike kila ujazo. Kila asubuhi inayofuata pima kilichobaki, ukitoe kwenye jumla uliyoandika. Funga choo, funika ndoo za bafuni, na uangalie maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi, wengi husahau hayo. Mbwa wa kawaida hunywa mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo kwa siku. Kwa Popi ni kama lita 1 hadi 1.2. Akifika lita 2, yaani mililita 100 kwa kilo, ni ugonjwa.

Ila kuna jambo moja ambalo halisubiri siku tatu. Alikuwa lini kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume? Jike ambaye hajafungwa hupata usaha kwenye mfuko wa uzazi, mara nyingi wiki 4 hadi 8 baada ya joto. Dalili ya mapema huwa kiu. Wengine hutoa uchafu unaonuka, wengine hawatoi chochote kwa sababu mlango wa kizazi umefunga, na hao ndio walio hatarini zaidi, kwani mfuko hujaa hadi ukapasuka. Tumbo likiwa limejaa, akiwa hali au anatapika, leo hii aende akapigwe picha ya tumbo. Tiba ni upasuaji wa kutoa kizazi. Sindano za antibayotiki peke yake huchelewesha tu.

Likiondolewa hilo, vinabaki kisukari, figo na homoni. Peleka mkojo wa asubuhi, wa kwanza. Tumia upawa safi, mkavu: msubiri achuchumae, uusukume chini taratibu kutoka nyuma baada ya mkojo kuanza, mimina kwenye chupa safi, ufike kliniki ndani ya saa moja au uuweke kwenye friji. Tunasisitiza mkojo kwa sababu vipimo vya kawaida vya damu huchelewa sana. Hupanda pale ambapo takribani robo tatu ya uwezo wa figo imeshapotea. Mkojo huanza kuwa mwepesi kama maji kabla ya hapo.

Zikiwa ni figo, dagaa watoke. Wana fosforasi nyingi, sawa na mifupa na maziwa, na figo mbovu haziwezi kuitoa. Kwa Popi, chakula cha siku kiwe vikombe viwili na nusu vya wali, gramu 100 za nyama ya kusaga yenye mafuta kidogo iliyochemshwa na supu ikamwagwa (fosforasi kiasi inaondoka na supu), ute wa mayai 2 uliopikwa, kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti, na nusu kijiko cha chai cha maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa laini kama unga. Kitunguu na kitunguu saumu visiingie, vinavunja chembe nyekundu za damu. Hiki ni chakula cha wiki chache, kina upungufu wa vitamini na zinki, daktari akukamilishie.

*

Daktari, mbwa wangu wa miaka 12 ana moyo. Amepewa dawa ya moyo na ya kutoa maji, asubuhi, mchana na jioni. Mchana anabaki na mlinzi wetu, Mwislamu, ambaye hataki kuguswa na mate ya mbwa. Pia nitajuaje kama dawa zinafanya kazi? Bado anakohoa.
*Msomaji, Mbezi Beach*

Usimlazimishe mlinzi. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani hii wanayafuata, mate ya mbwa ni najisi nzito na palipoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Huyo mzee akiguswa mchana ana kazi kubwa kabla ya swala. Muulize daktari kwanza kama dozi zinaweza kupangwa saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, ukazitoa mwenyewe. Isipowezekana, asubuhi andaa matonge matatu madogo ya ugali na ini, dawa iwe ndani ya la pili, yaweke kwenye friji ndani ya kopo lake. Mlinzi ayarushe moja moja kwa kijiko cha mpini mrefu, la tatu likionekana mapema. Mbwa humeza la pili bila kutafuna akilikimbilia la tatu. Maji ayaongeze kwa mpira wa bustani.

Kuhusu dawa: hesabu pumzi akiwa amelala fofofo, si baada ya kukimbia, si kwenye joto la mchana. Kifua kikipanda na kushuka ni moja. Hesabu sekunde 30, zidisha mara mbili, andika. Chini ya 30 kwa dakika ni vizuri. Ikizidi 30, rudia baada ya saa moja; ikibaki juu, mpigie daktari siku hiyo hiyo, maji yanarudi mapafuni. Fizi zikiwa za buluu, usipige simu, nenda. Atakojoa sana kwa sababu ya dawa. Maji yake yasipunguzwe. Samaki wa chumvi na masalia ya chipsi, hapana.

*

Mbwa wetu mzee anakonda, macho yamekuwa ya njano. Tunampikia pumba za mahindi miaka yote.
*Msomaji, Gongo la Mboto*

Acheni pumba leo. Mahindi yakikaa kwenye unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, pumba hubeba nyingi kuliko sembe, na kupika hakuiondoi. Ini la mbwa haliivumilii. Ila njano huletwa pia na kupe, na wakati wa masika huletwa na mkojo wa panya kwenye maji ya mafuriko, ambao huambukiza na watu. Apimwe damu, na anayefagia banda avae glavu na buti.

*

Bosco hawezi tena kusimama. Nitajuaje kwamba wakati umefika? Na nimzike wapi?
*Msomaji, Kigamboni*

Pole sana. Chukua kalenda, na kila jioni jibu mambo matatu: amekula mwenyewe? amesimama kukojoa bila kulala kwenye mkojo wake? ameinua kichwa ulipoingia? Siku ya "hapana" mbili, weka alama ya X. Wiki ikiwa na X nne, ongea na daktari. Mwombe ampe kwanza sindano ya usingizi, ndipo ya mwisho. Hapo hatasikia kitu, na wewe kaa karibu na kichwa chake, sauti yako aijue.

Kaburi liwe na kina kisichopungua mita 1, angalau mita 30 kutoka kisimani. Kigamboni maji ya ardhini yako juu, hasa baada ya masika; ukichimba ukaona maji, fukia, tafuta sehemu iliyoinuka. Mfunge kwa shuka ya pamba, si mfuko wa plastiki. Usimtupe dampo: dawa ya mwisho hubaki kwenye nyama, na mbwa au kunguru atakayemla anaweza kufa. Lakini huenda siku za mwisho alibadilika tabia, akauma mtu au akatokwa mate mfululizo. Hapo usimguse wala usimzike, piga simu kwa afisa mifugo wa kata ili ubongo upimwe kichaa cha mbwa, na aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.