Shangazi, rafiki yangu alikufa, nami natafuta ukweli

SHANGAZI, nina miaka 16, nasoma kidato cha tatu Morogoro. Mwezi uliopita mwenzangu wa dawati moja alikutwa mtoni amekufa, usoni ana alama. Walimu wanasema alizama. Mimi aliniandikia wiki ileile kwamba kuna mtu anamtisha, nami sikumjibu. Nimeandika washukiwa kwenye daftari, nahoji wanafunzi, na simu yake ninayo. Namba ya siri naijua. Silali, na mama anadhani nimerogwa. Nifanyeje?

Pole sana, mwanangu. Unacho kitu ambacho polisi wanakihitaji, na ndiyo maana sitaki kiharibikie mikononi mwako.

Simu hiyo usiifungue. Kila unachokigusa ndani yake hubadilisha kumbukumbu zake, na kesi ikifika mahakamani wakili atauliza nani aliishika na alifanya nini humo. Kuingia kwenye simu isiyo yako kunaweza pia kukutia matatani kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kama imezimwa, usiiwashe. Mwambie mama leo, wazazi wa marehemu wajulishwe, kisha ikabidhiwe kwa mpelelezi mwenye jalada, nanyi mpewe hati ya makabidhiano.

Ujumbe ulio kwenye simu yako mwenyewe ni suala jingine. Kama WhatsApp yenu imewekwa ijifute, hufuta baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Upige picha leo kwa simu nyingine, namba yake, tarehe na saa vionekane. Acha mazungumzo yote kama yalivyo, hata yale unayoyaonea haya, maana yakikatwakatwa hayaaminiki.

Kuhoji wenzako, acha kabisa. Ukimuuliza mtu, "Ulimwona fulani mtoni?", umeshampa jina. Wiki ijayo atakumbuka kwamba alimwona, na ataapa bila kusema uongo. Na kama kuna mwenye hatia, ameshajua unachokijua. Hilo la pili ndilo linalonitisha zaidi. Majina usiyaweke kwenye kundi la darasa.

Daftari usilichane. Fungua ukurasa mpya, andika uliyoyaona kwa macho yako, kisha uliyoambiwa na nani kakuambia, kila jambo na tarehe yake. Unayoyadhani yakae ukurasa wa peke yake.

Alama za usoni zisikupe jibu mapema. Mwili ukiburutwa na maji hugonga mawe na magogo, hivyo jeraha linaweza kutokea baada ya kufa. Vilevile, kukutwa mtoni hakuthibitishi kwamba mtu alizama. Daktari wa uchunguzi wa maiti ndiye huangalia mapafu na njia ya hewa, na kama damu ilivilia ndani ya nyama mtu akiwa bado hai. Jiandae, mwanangu: huenda ikawa ajali kweli.

Kituoni nenda na mzazi, uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Wao wamezoea kuzungumza na vijana. Usihofu kwamba ushahidi wako utaitwa wa mtoto mdogo: Sheria ya Ushahidi humhesabu shahidi kuwa wa umri mdogo asipozidi miaka 14, nawe una 16. Soma maelezo yako yote kabla ya kusaini. Wakikuzungusha, mzazi aende kwa Mkuu wa Upelelezi wa Wilaya, kisha wa Mkoa.

Kuhusu kutomjibu: ulipokea ujumbe kama unavyopokea mwingine wowote, na hukuwa na namna ya kujua kitakachofuata. Kama alitishwa, wa kulijibu hilo ni aliyemtisha. Mama naye mweleze yote, pamoja na hili, maana anahangaika kutafuta mchawi na wewe unaumwa msiba.

Sasa nakuuliza waziwazi: usiku unapokosa usingizi, unapata wazo la kumfuata rafiki yako? Kama ndiyo, mwamshe mama usiku huohuo, mpige 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto. Ni bure, na wanapokea saa 24.