Mama amekataa kulima akisema mwisho umefika: je, unabii wa hukumu hauna rehema?

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Naandika kutoka Moshi mjini. Mama yangu ni mjane, anaishi Uru. Tangu mwaka uanze anasikiliza mahubiri ya siku za mwisho kwenye simu, mchana na usiku. Theluji ya Kilimanjaro ikipungua, kwake ni ishara. Mafuta yakipanda bei, ni ishara. Sasa amesema lile shamba la mahindi la huku chini tambarare halilimi masika haya, kwa sababu Ufunuo umeshaandikwa na kilichoandikwa hakifutiki. Nami nilijaribu kuusoma Ufunuo mwenyewe, nikaishia sura ya 9 kwa hofu. Nijibu kitaalamu: unabii wa hukumu ukishatamkwa, ni lazima utimie? Na rehema ya Mungu imo wapi humo?

JIBU: Marahaba mwanangu, na mama umfikishie salamu zangu. Nafundisha Biblia chuoni huku Usa River, na swali lako la kwanza wanafunzi huniuliza kila mwaka tukifika kitabu cha Yona. Tuanzie hapo hapo.

Mahubiri yote ya Yona mjini Ninawi, kwa Kiebrania, ni maneno matano tu. Kwa Kiswahili tunasoma: “Baada ya siku arobaini Ninawi utaangamizwa” (Yona 3:4). Hakuna “msipotubu”, hakuna “labda”. Ukiyasikia hivyo yalivyo utasema kama mama: imeshaandikwa. Lakini mfalme alishuka kwenye kiti chake, akavaa gunia, akaketi majivuni, akaagiza hata mifugo ivikwe magunia, akauliza, ni nani ajuaye kama Mungu hatageuka? Siku ya 41 mji ulikuwa umesimama, na aliyekasirika alikuwa nabii mwenyewe. Sharti halikutamkwa, ila lilikuwemo. Kanuni yenyewe iko Yeremia 18:7-8: Mungu akinena habari za taifa kuling'oa, na taifa hilo likauacha uovu wake, naye huyaghairi mabaya aliyokusudia.

Nitakuonyesha kitu kimoja ambacho tafsiri haiwezi kukibeba chote. Neno la Kiebrania hapo kwenye “utaangamizwa” linatokana na kitenzi *hafak*, kupindua, kugeuza chini juu. Ndicho kilichotumika Sodoma ilipopinduliwa (Mwanzo 19:25). Sasa fungua Hosea 11:8. Mungu anajiuliza atamwachaje Efraimu, yaani Israeli, atamfanyaje kama Adma na Seboimu, miji iliyoangamia pamoja na Sodoma, kisha anasema moyo wake umegeuka ndani yake. Kitenzi ni kile kile. Kilichopinduliwa safari hii ni moyo wa Mungu, na mji ukabaki. Nimeifundisha aya hii miaka mingi na bado huwa nanyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Danieli naye, ambaye wahubiri wanaochora chati za siku za mwisho humpenda sana, alipomtabiria Nebukadneza, mfalme wa Babeli, anguko hakumpa tarehe. Alimsihi aache dhambi zake na kuwahurumia maskini, huenda raha yake ikaongezwa (Danieli 4:27). Hukumu ilikuja baada ya miezi 12. Miezi yote hiyo mlango ulikuwa wazi, mfalme hakuingia.

Haya, Ufunuo. Chukua kalamu na karatasi, uandike sehemu tu, uyaache majoka kwanza. Sura ya 6, mpanda farasi wa nne anapewa mamlaka juu ya robo ya nchi. Sura ya 8, tarumbeta zinapiga theluthi: theluthi ya miti, ya bahari, ya mito, ya jua. Sura ya 9, theluthi ya wanadamu. Ni mambo ya kutisha, na sitakudanganya kwamba ni mepesi. Ila angalia kwamba kila mara kipimo kimewekwa, kuna kinachobakizwa. Na kwa nini? Aya mbili za mwisho za sura ya 9, pale pale ulipofungia kitabu, zinasema waliosalia hawakutubu. Yohana asingeliandika hilo kama toba haikuwa inatafutwa.

Sasa ona kinachofuata. Sura ya 10 zinanguruma ngurumo saba. Tumeshapita mihuri saba na tarumbeta sita kati ya saba, kwa hiyo msomaji anajikaza kwa mapigo mengine saba. Yohana anainua kalamu, na sauti kutoka mbinguni inamwambia ayatie muhuri hayo, asiyaandike (10:4). Wapo wafasiri wanaosema huo ni mfululizo wa hukumu uliozuiwa, nami naelekea kukubaliana nao. Mama anasema kilichoandikwa hakifutiki. Mwonyeshe basi kwamba ndani ya Ufunuo kuna ambacho mbingu imekataza kisiandikwe.

Badala yake sura ya 11 wanakuja mashahidi wawili waliovaa magunia, vazi lile lile la Ninawi. Wanauawa, wanafufuliwa, kisha tetemeko: sehemu ya kumi ya mji inaanguka na watu 7,000 wanakufa. Hapa ndipo inabidi uikumbuke hesabu ya Agano la Kale. Siku za Eliya, 7,000 ndio waliosazwa katika Israeli yote (1 Wafalme 19:18). Amosi 5:3, mji uliotoa watu elfu unabakiwa na mia, yaani sehemu ya kumi ndiyo inayopona. Yohana ameipindua hesabu. Sehemu ya kumi ndiyo inayoanguka, 7,000 ndio wanaokufa, na waliosalia, yaani umati mkubwa wa mji uliowaua mashahidi, wanaingiwa na hofu na kumpa Mungu wa mbinguni utukufu (11:13). Mwanangu, uliifunga Biblia sura mbili tu kabla ya aya hii.

Vitasa vya sura ya 16, yaani mabakuli saba ya ghadhabu ya Mungu, havina robo wala theluthi, na hilo nalo nalisema wazi: ipo hukumu ambayo haizuiwi milele. Lakini hata katikati ya vitasa maneno “wala hawakutubu” yanarudi.

Kuna jambo jingine mahubiri ya simu hayaligusi. Katika Ufunuo 6:10 waliochinjwa wanalia kutoka chini ya madhabahu, hata lini? Kwao hukumu ndiyo rehema. Soma orodha ya bidhaa za Babeli, sura ya 18: inaanza na dhahabu na fedha, inapita hariri, mdalasini, ng'ombe, na inaishia na miili na roho za wanadamu. Nimeketi na wajane huko mlimani walionyang'anywa kihamba, yaani shamba la ukoo, na shemeji zao mume akiwa hajatimiza mwezi kaburini. Mjane wa namna hiyo hatishwi na habari kwamba kuna Hakimu anakuja, anamngoja. Mama yako ni mjane. Mwulize taratibu kama hakuna siku aliyowahi kumngoja.

Neno letu *rehema* limetoka Kiarabu, na mzizi wake ni ndugu na Kiebrania *rehem*, tumbo la uzazi. Habakuki alipoomba “katika ghadhabu kumbuka rehema” (3:2), kwa Kiebrania alitumia mzizi huo. Naye Yesu, baada ya kutaja vita, njaa na matetemeko, aliyaita mwanzo wa utungu (Mathayo 24:8). Mama aliyezaa anajua utungu ni nini na unaelekea wapi. Kuhusu ishara na tarehe sina mengi: siku ile hakuna aijuaye ila Baba (Mathayo 24:36). Huko Marekani wafuasi wa mhubiri William Miller walipiga hesabu ya siku Yesu atakaporudi, wakafika 22 Oktoba 1844. Wako waliouacha mwaka ule mavuno yao shambani. Kulikucha tarehe 23.

Na shamba? Msomee Yeremia 32, kwa sauti, si kwenye simu. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu. Yeremia mwenyewe ndiye aliyetabiri mji utaanguka, na kweli ulianguka. Yumo kifungoni, katika ua wa walinzi. Hapo hapo Mungu anamwambia anunue shamba la binamu yake kule Anathothi. Anapima shekeli 17 za fedha mbele ya mashahidi, anaandika hati mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine wazi, na Baruku, mwandishi wake, anaambiwa azitie katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Hakuna aliyeamini hukumu kuliko Yeremia, na alitoa fedha yake kununua ardhi.

Usibishane na mama, wala usimnyang'anye simu. Mwombe tu usiku muizime wote wawili, msome kurasa chache. Mvua zikianza mpeleke shambani, wewe uchimbe mashimo, yeye adondoshe mbegu. Halafu muurudie Ufunuo pamoja kutoka pale sura ya 9 ulipoachia, na mkifika 11:13 msimamishe hapo umpe ile hesabu ya watu 7,000. Uniandikie alichosema.