Barua kwa Mwanangu Uliyekabidhiwa Wanafunzi wa Mwaka wa Kwanza

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, nikaisoma, nikairudia. Nimefurahi kwamba idara imekukabidhi ulezi wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ni kazi ambayo wengi huikwepa, na ndiyo inayoamua nani atabaki na nani ataondoka. Umeniuliza: katika wiki ya mapokezi uwaambie nini ili wasije wakapotea? Ukanitumia na ratiba yenyewe: siku tano za hotuba kutwa nzima, kanuni za mitihani, ada, maktaba, afya, usalama, michezo, wizi wa kitaaluma, namna ya kujisajili.

Jibu langu ni kwamba wiki ile uwaambie machache sana, na hayo mengine uwagawie muhula mzima. Nimefundisha mwaka wa kwanza sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na sikumbuki mwanafunzi aliyeshindwa chuo kwa kuwa alikosa hotuba ya wiki ya mapokezi. Niliowaona wakishindwa walianza kuteleza kama mwezi wa pili tangu wafike chuoni, mabango ya kuwakaribisha yakiwa yameshabanduliwa na kila mtu akiamini wameshazoea.

Jiweke mahali pao. Kijana amefika jana. Hajui atalala na nani chumba kimoja, ana wasiwasi na ada, amezungukwa na nyuso ngeni, na akilini mwake kuna swali moja tu: nitapata rafiki? Mtu huyo unamweka ukumbini na kumweleza utaratibu wa kukata rufaa ya matokeo ya mtihani. Hana mtihani, hana matokeo, hana la kukatia rufaa. Ataitika, atachukua kijitabu, na kijitabu kitaishia chini ya godoro. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu zake mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Baada ya siku moja faida ya kujifunza kwake ilikuwa imebaki kama theluthi moja. Kweli hotuba zako zina maana kuliko silabi zile, lakini zikirundikwa siku tano mfululizo juu ya mtu mwenye wasiwasi, zitapita vilevile.

Kwa hiyo wiki ya kwanza hakikisha amejisajili, anajua njia ya kufika kila mahali anapotakiwa kufika, na kuna mtu mmoja chuoni anayemjua kwa jina na sura. Huyo mtu mmoja asiwe ofisi. Awe mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu uliyemwandaa, mwenye kundi dogo la watu sita au saba, atakayekutana nao tena na tena muhula mzima. Kundi likizidi hapo, wapole watajificha nyuma ya wasemaji, na wapole ndio unaowatafuta.

Wiki ya pili ndipo uanze somo la muda, na hili nakuomba ulipe uzito. Shuleni muda wa mtoto ulikuwa mikononi mwa watu wengine. Kengele ilimwingiza darasani, kengele ikamtoa, na kesho yake mwalimu akakagua daftari. Chuoni anatazama ratiba, anaona asubuhi mbili hazina kitu na Ijumaa nzima iko wazi, anashangilia. Vyuo vya Ulaya vina utaratibu wa pamoja unaosema waziwazi jambo ambalo vyuo vingi humwachia mwanafunzi alikisie: mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi. Zidisha upate saa 1500 hadi 1800 kwa mwaka. Hiyo ni kazi ya kutwa kama ya mtu aliyeajiriwa, na saa za kukaa mbele ya mhadhiri ni sehemu tu ya hizo. Zilizobaki hazikuandikwa popote, na kisichoandikwa kwenye ratiba mwanafunzi mpya hukihesabu kuwa mapumziko.

Usiwahutubie juu ya hili. Wafanyishe. Kila mmoja aje na mihtasari ya kozi zake zote, na umpe karatasi kubwa iliyopigwa mistari, mstari mmoja kwa kila wiki ya muhula. Aandike kila tarehe ya kukabidhi kazi, kila jaribio, kila mtihani. Wengi watagundua kwamba kazi tatu za kozi tatu zimeangukia wiki moja, kwa kuwa wahadhiri hawakukaa pamoja kupanga. Hapo waambie warudi nyuma kwa kalamu. Insha ya wiki ya tisa inataka rasimu wiki ya nane, kusoma kuwe kumekwisha wiki ya saba, swali liwe limechaguliwa wiki ya sita, na kile kitabu ambacho maktaba ina nakala mbili tu kiazimwe mapema kuliko hapo, maana darasa zima litakigombania. Mwanafunzi anayeandika kwa mkono wake "wiki ya sita: chagua swali" ameshajua kitu ambacho saa nzima ya maneno yako haingemfundisha.

Kisha mwambie aongeze muda juu ya kila makadirio aliyoandika. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu za shahada ya kwanza. Waliulizwa kila mmoja atamaliza lini. Kwa wastani walisema siku 34. Ilichukua siku 55. Na hao walikuwa wa mwaka wa mwisho, watu waliokwisha kuandika kazi nyingi! Mgeni wa mwaka wa kwanza atakosea zaidi ya hapo, na atadhani tatizo ni uvivu wake peke yake.

Kuhusu namna ya kusoma nitasema kwa ufupi, kwa kuwa unalijua. Wengi walifika chuoni kwa kubukua: kusoma ukurasa ule ule mpaka uonekane umezoeleka. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba dakika tano baada ya kusoma, waliorudia rudia kifungu walikumbuka zaidi ya waliojipima. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: katika jaribio mojawapo, waliojipima mara tatu bila kutazama walikumbuka asilimia 61, waliosoma tu asilimia 40. Wape kifungu wafanye zoezi hilo wenyewe kwenye kundi, wafunge daftari, waandike wanachokumbuka, wafungue waone mapengo. Na programu za akili bandia uzizungumze papo hapo, si kwenye hotuba ya wizi wa kitaaluma. Mwanafunzi aelewe kwamba jibu alilopewa na mashine bila yeye kujikuna kichwa litamwacha mtupu siku ya mtihani. Pia aelewe kwamba kila mhadhiri ana masharti yake juu ya matumizi hayo, na ni lazima ayaulize kabla ya kuandika.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie barua badala ya kukupigia simu. Ni siku ya kurudishiwa kazi ya kwanza iliyosahihishwa.

Wengi wa wanafunzi wako walikuwa wa kwanza au wa pili shuleni kwao. Wamezoea kupata alama za juu tangu utotoni, na nyumbani wanaitwa kwa sifa hiyo. Sasa wamekusanywa mahali pamoja na wenzao walio kama wao. Kazi inarudi ina alama ya katikati, au chini ya katikati, na pembeni mhadhiri ameandika kwa haraka: "Hoja yako ni ipi?" Mhadhiri aliandika hivyo kwa insha arobaini jioni ile na hakumaanisha ubaya wowote. Lakini kijana yule anasoma maneno manne na kusikia: hukustahili kuingia hapa. Anakunja karatasi, anaiingiza ndani ya kitabu ili jirani asiione. Wiki inayofuata haji kwenye semina, kwa kuwa anadhani akifungua mdomo kila mtu atajua. Akikosa semina mbili anaona aibu kurudi ya tatu. Hivyo ndivyo mwanafunzi anavyopotea, mwanangu. Hapigi kelele, hagombani na mtu. Unakuja kumwona jina lake kwenye orodha ya wasiofanya mtihani.

Pauline Clance na Suzanne Imes waliandika juu ya hisia hii mwaka 1978. Walikuta wanawake waliofanikiwa sana katika masomo na kazi, wenye vyeti na sifa, ambao ndani ya nafsi waliamini wameingia kwa bahati na siku moja wataumbuliwa. Naye Vincent Tinto, katika andiko lake la mwaka 1975 kuhusu wanaoacha chuo, alieleza kwamba alama pekee hazitoshi kueleza kuondoka kwao. Kuna suala la kujiona umo ndani ya maisha ya chuo, darasani na nje ya darasa. Ninachokuomba uone ni kwamba mambo haya mawili hukutana siku ile ya karatasi kurudi.

Na kuna la kufanya. Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha mwaka 2011 jaribio walilofanya na wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha Marekani. Kikao chenyewe kilichukua kama saa moja. Wanafunzi walisoma maelezo ya wenzao waliotangulia, waliosema kwamba mwanzoni walijiona wageni, wakahisi hawafai, na hali hiyo ikapita kadiri muda ulivyokwenda. Kisha kila mmoja akaandika jinsi jambo hilo lilivyo katika maisha yake, akalisema mbele ya kamera ili liwafae watakaokuja baada yake. Walipofuatiliwa miaka mitatu, alama za wanafunzi Weusi zilikuwa zimepanda, na tofauti kati yao na wanafunzi Wazungu ilipungua kwa nusu. Sisemi saa moja inatibu kila kitu. Nasema maneno ya aliyetangulia, yakisemwa wakati wake, yana nguvu kuliko mabango.

Kwa hiyo panga kikao cha kila kundi wiki ile ile ambayo kazi za kwanza zinarudi. Ulizia idara mapema zitarudi lini. Yule mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu aje na insha yake mwenyewe ya mwaka wa kwanza, ile yenye alama mbaya na wino wa mhadhiri. Aipitishe mkononi. Aeleze alichohisi aliposoma, kisha alichofanya: alikwenda kumuuliza nani, akabadilisha nini kwenye insha ya pili. Kisha kila mmoja achukue maoni ya mhadhiri wake na ayageuze kuwa kazi ya kufanya. "Hoja yako ni ipi?" maana yake ni: andika sentensi moja inayosema unachotetea, iweke aya ya kwanza, na kila aya inayofuata iulize inaisaidiaje sentensi hiyo. Ukiliweka hivyo, linakuwa jambo la jioni moja.

Hapo hapo wafundishe kuomba msaada, maana wengi wanaona aibu na wengine hawajui waanzeje. Saa za kuonana na wanafunzi zimebandikwa mlangoni, lakini mgeni anadhani ni za wenye matatizo makubwa. Anayekuja bila kuandaliwa husema, "Sijaelewa mhadhara." Mhadhiri hana pa kuanzia, anarudia maelezo yale yale, na kijana anatoka akiwa vilevile. Mfundishe aseme: "Nimefuata mpaka hatua ya tatu. Ya nne sioni imetoka wapi." Mfanye aandike barua pepe yake ya kwanza kwa mhadhiri mkiwa pamoja kwenye kikao: jina lake, kozi yake, swali moja, shukrani. Na aibonyeze itumwe kabla hajainuka. Ukimwachia aende kuituma chumbani, hataituma.

Kuna wengine ratiba yako haikuwagusa kabisa: wanaoishi nyumbani na kurudi jioni, wanaofanya kazi, wenye watoto, waliorudi masomoni wakiwa watu wazima. Ukiacha hotuba, shughuli zako zote za mapokezi umeziweka usiku. Hamishia angalau nusu yake mchana, kati ya kipindi na kipindi, la sivyo utakuwa umewaambia siku ya kwanza kwamba chuo ni cha wengine.

Wazazi nao watakupigia simu, jiandae. Wape kitu cha kufanya: wamuulize mtoto anasoma nini na anakaa na nani, kabla ya kuuliza amepata ngapi. Swali la alama likitangulia kila mara, mtoto atajifunza kuficha, na akificha nyumbani atakuficha na wewe.

Ukiwa na nguvu za kubadilisha jambo moja tu mwaka huu, badilisha hicho kikao cha karatasi kurudi, na kwa ajili yake futa hotuba mbili za siku ya tatu. Yaliyomo yapo kwenye kijitabu. Nitumie majina ya kozi na tarehe ambazo kazi za kwanza zitasahihishwa, tuzipange pamoja juma lijalo. Na hao wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu uwachague mapema, kabla hawajatawanyika likizo. Wasiwe wote wenye alama za juu. Tafuta hasa waliowahi kurudia somo na bado wapo.

Ni mimi mama yako.