Kabla hujaenda Luchelele na huo uzi wa "kilo 20"

Mkuu, usiende. Au nenda, ila huo uzi uache nyumbani.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mdogo wetu kanunua uzi mwembamba wa kuvulia, ule wa kusuka, boksi limeandikwa milimita 0.14, kilo 20. Kauvuta kwa mikono palepale dukani, haukukatika. Kaupapasa, kaona laini. Jumamosi anataka aufunge moja kwa moja kwenye samaki wa bandia akatafute sangara kwenye mawe ya Luchelele, hapa Mwanza. Anauliza: hizo kilo 20 ni kweli? Uzi unapimwaje kwa mkono? Achukue uliosukwa kwa nyuzi nne au nane?

Nilipofika hapo kwenye "nimeuvuta kwa mikono" nikaweka kikombe chini. Wauzaji wa namna hiyo nawajua. Anauzungusha uzi kwenye viganja, anakaza, mishipa ya shingo inamtoka, halafu anakwambia "unaona kaka, huu hata ng'ombe unamfunga." Sasa mbona hakuuzii kamba ya ng'ombe? Uzi mwembamba kiasi hicho unaanza kuzama kwenye nyama kabla hujafikisha nguvu ya maana, kwa hiyo unaachia wewe kabla haujaachia wenyewe. Ulichopima pale dukani ni ngozi yako.

Na hiyo namba ya boksi. Wajapani wanapima nyuzi hizi kwa namba ya PE (kifupi cha poliethilini, plastiki inayosukwa uzi huu), ambayo msingi wake ni uzito wa nyuzi zenyewe: PE 1 ni denieri 200, maana yake mita 9,000 zina gramu 200. Kwa unene inakuja kama milimita 0.165. Huo wako wa 0.14 ungekuwa chini ya PE 0.8, na uzi wa PE 0.8 wa watengenezaji wanaojiheshimu huandikwa kilo saba, nane hivi. Wako unasema 20. Kwa hiyo boksi linadanganya ama unene ama nguvu, na mara nyingi linadanganya unene: ukiuweka kando ya nailoni ya 0.25 unakuta wanalingana. Kama hujawahi kulinganisha hivyo, fanya leo.

Lakini hilo ni dogo. Hata boksi likisema kweli, bado utalia. Mimi nililia na uzi ambao haukuwa mbaya.

Nilijiona mjanja kuliko wewe, sikuvuta kwa mikono. Kuna jamaa mmoja huko kwenye makundi ya wavuvi wa fimbo alikuwa anarusha video, ananing'iniza ndoo kwa uzi wa kusuka, maji yanajaa, uzi umesimama wima, watu wanapiga makofi. Nikamuiga. Nikazungushia uzi kwenye bomba la plastiki juu, mizunguko mingi, chini nikauzungushia mpini wa ndoo ya lita 20 vilevile, nikamimina. Ndoo ikafika zaidi ya nusu na uzi umetulia tu. Mke wangu ni shahidi, alikuwa amesimama pembeni anaisubiri ndoo yake afulie. Nikaridhika. Nikaenda Igombe, mtumbwi wa injini, petroli yangu, na boksi la samaki wa bandia la shemeji, wale alioletewa kutoka nje na ambao kila mmoja una bei ya kumwaibisha mtu mzima.

Umeona kilichokosekana kwenye kile kipimo? Fundo. Juu hakuna fundo, chini hakuna fundo. Yule jamaa wa video naye hakuwa na fundo, ndiyo maana uzi wake ulikuwa shujaa. Nani anavua hivyo? Utamzungushia sangara mizunguko 15 shingoni, umwombe atulie?

Nilifunga fundo nililolijua tangu enzi za nailoni, lile la kupitisha kwenye tundu, unazungusha mara tano, unarudisha ncha kwenye kitanzi, unakaza. Kwenye nailoni halijawahi kuniangusha. Breki ya rili, kile kigurudumu cha kukunjia uzi, nikaibana vizuri, boksi langu nalo lilisema kilo 20 bwana. Samaki akagonga kwa nguvu, fimbo ikapinda, rili ikalia kidogo, halafu kimya. Nikavuta uzi ukaja mwepesi. Mwisho wake ulikuwa umejisokota kama mkia wa nguruwe, mzima, haujachanika hata unyuzi mmoja. Fundo lilikuwa limejifungua lenyewe, likamkabidhi sangara mali ya shemeji.

Nahodha akautazama akasema "uzi feki huo." Na mimi nikakubali! Hapo ndipo hela ilipoanza kupotea kwelikweli. Badala ya kusoma ule mkunjo nikafunga fundo lilelile, safari hii nikalikaza kwa hasira, likiwa kavu, mpaka likalia "krii." Lililofuata halikuteleza, lilikatikia palepale kwenye fundo, na ncha ilikuwa ngumu ukiigusa na ukucha. Nikafunga jingine. Na jingine. Sangara wa Igombe siku ile walikuwa wanahudumiwa na shemeji na mimi nilikuwa mhudumu tu. Mwishoni samaki wa bandia aliyebaki akanasa kwenye jiwe, nikazungushia uzi mkononi nivute kama nilivyozoea na mshipi mnene, wimbi likasukuma mtumbwi, uzi ukaingia kidole cha shahada mpaka pale unapoona rangi usiyopaswa kuiona. Kimeshonwa. Shemeji hajawahi kunidai, ila nikishika hata kalamu yake anaifuata kwa macho mpaka niirudishe.

Sababu yake niliielewa baadaye. Nyuzi hizi ni poliethilini, ukoo uleule wa plastiki ya madumu, ila imevutwa mpaka ikawa na nguvu ya ajabu. Inateleza vibaya sana, haijing'ang'anii kama nailoni, kwa hiyo fundo la nailoni linatambaa mpaka linaisha. Na joto hailiwezi: inayeyuka chini kidogo ya nyuzi joto 150. Ukikaza fundo kavu, msuguano unachoma nyuzi za ndani na wewe huoni kitu. Lile "krii" lilikuwa ni uzi unaungua.

Kwa hiyo mkuu, kama utachukua jambo moja tu hapa, pima fundo lako, likiwa limelowa, na kila kitu utakachoingia nacho majini. Uzi mtupu mwachie mwenye video.

Fanya hivi. Ndoo ileile, omba ruhusa kwanza. Juu zungushia uzi kwenye bomba au chupa laini mizunguko ya kutosha, ili huko usikatike. Chini funga fundo lako, lile utakalolifunga ukiwa mtumbwini mikono ina maji, kwenye ndoano nene uliyoipachika kwenye mpini. Lilowanishe kwa mate, likaze polepole. Ndoo iwe inchi chache tu kutoka sakafuni na miguu yako iwe mbali, sitaki urudi hapa na habari za kidole gumba. Mimina kwa jagi la lita moja, taratibu, ukihesabu, maana lita moja ya maji ni kilo moja, na ongeza uzito wa ndoo yenyewe. Ikianguka usikimbilie kupiga deki, okota uzi kwanza utazame ncha. Ikiwa imejisokota, fundo limeteleza. Ikiwa ngumu au imejikusanya kidonge, umeiunguza. Ikiwa na manyoya na imekatikia mbali na fundo, hapo sasa ndiyo umeupima uzi.

Kwangu, uzi ule "feki" bila fundo ulibeba kama kilo 15. Na fundo langu la nailoni ukaachia kwenye saba. Nikajifunza fundo la palomar, lile la kukunja uzi mara mbili kabla ya kuupitisha kwenye tundu, uzi uleule ukapanda mpaka 11 hivi. Kitu kilekile kutoka boksi lilelile, ndoo ileile! Nilikaa chini kwenye maji.

Ukimaliza kumimina, pima na mshtuko. Maji yanapanda taratibu, sangara hajui taratibu, anatikisa kichwa na wakati mwingine anaruka juu. Nailoni inanyumbuka ikameza ule mtikiso, uzi wa kusuka karibu haunyumbuki kabisa, kwa hiyo mtikiso wote unakwenda kwenye fundo. Funga kitu cha kilo mbili, kiinue nusu mita, kiachie. Mafundo mengi yaliyojidai kwenye ndoo yanaumbuka hapa.

Kuhusu kufunga moja kwa moja kwenye samaki wa bandia, hapana, hapana. Chukua jiwe la Mwanza, yamejaa kila mahali, uvute uzi ukiwa umekaza upitishe juu ya ule ukwaruzo. Hesabu mwenyewe mara ngapi kabla haujaondoka. Sangara naye mdomo wake ni msasa na kifuniko cha shavu kina kingo zinazokata. Weka mbele kipande cha nailoni nene, mita moja na nusu au mbili, milimita 0.7 au 0.8, na unganisho lake nalo lipitie kwenye ndoo. Fundo la FG, la kuunganishia uzi wa kusuka na nailoni, ndilo jembamba, linapita kwenye pete za fimbo bila kugonga, ila linahitaji mazoezi, lifanyie nyumbani kabla ya siku yenyewe.

Namba utakayoipata kwenye fundo dhaifu kuliko yote, gawa kwa nne. Hapo ndipo unaweka breki ya rili, na unaipima kwa mizani ya kuning'iniza, si kwa kusikilizia.

Kupapasa? Ule ulaini wa dukani mara nyingi ni kipako tu cha juu. Kata mita mbili, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha, ndipo uupitishe katikati ya kucha mbili taratibu. Vinundu, sehemu bapa, nyuzi zilizolegea, utavisikia vyote. Wa nyuzi nne utakwaruza na utaimba kwenye pete, wa nane utakuwa kimya na mviringo zaidi. Kwa mawe yetu mimi nachukua wa nne, kila unyuzi wake ni mnene kidogo. Wanaopenda kurusha mbali watabishana na mimi, wabishane tu, hawakushonwa wao.

Basi kabla ya Jumamosi leta hapa majibu: fundo gani, kilo ngapi, limeachia wapi, na picha ya ncha ya uzi. Picha ya boksi usinitumie, sitaifungua.