Serikali inagawa kila kitu, mbona riwaya moja ni utopia na nyingine distopia?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma fasihi mwaka wa pili, nimemaliza Looking Backward ya Bellamy na We ya Zamyatin. Zote serikali ndo inapanga kazi, chakula, kila kitu, sasa mbona ya kwanza inaitwa utopia (jamii ya kubuni iliyo bora) na ya pili distopia (jamii ya kubuni ya kutisha)? Ni msimamo wa mwandishi tu au kuna kitu kwenye maandishi naweza kukionyesha kwenye insha?

Jibu: Marahaba. Kipo. Acha kwanza sheria za huo mji, angalia anayekusimulia ni mgeni au mwenyeji.

Bellamy (1888) anamlaza Julian West Boston mwaka 1887 anakuja kumwamsha 2000, na kuanzia hapo jamaa ni kuuliza tu na mwenyeji wake, Dkt. Leete, anajibu: watu wanafanya kazi toka miaka 21 mpaka 45, kila mtu ana kadi yenye mgao sawa wa mwaka, na kila jibu linamridhisha mgeni. Hatukai hata siku moja na kibarua aliyechoshwa na huo utaratibu. Kurasa za katikati mimi zinanichosha kweli, ni semina tupu.

Zamyatin aliandika 1920 hadi 1921, kitabu kikatoka kwanza kwa Kiingereza 1924, na Urusi hawakukichapisha mpaka 1988. Yeye kamtoa mgeni kabisa. D-503 ni injinia, ana namba badala ya jina, anaishi nyumba ya kioo, mpaka kutafuna kumewekewa hesabu, mara 50 kila tonge. Sasa insha yako ianzie hapa: mwanzoni D-503 ANASIFIA, tena kwenye shajara yake anawaandikia viumbe wa sayari nyingine, yaani anajipa kazi ileile ya Dkt. Leete. Halafu anampenda I-330, mwanamke mwasi, basi sifa zinaanza kumponyoka, sentensi zinakatika njiani, mpaka mwisho wanamfanyia operesheni ya kumtoa uwezo wa kuwaza mambo ya kufikirika na anarudi kusifia kama hakuna kilichotokea.

Katikati yao muweke Wells, The Time Machine ya 1895. Msafiri ni mgeni ila hana wa kumtembeza, na analalamika waziwazi kwamba kwenye vitabu vya utopia huwa kuna mtu wa kazi hiyo. Inabidi akisie. Anawaona Eloi, watu wa juu ya ardhi, wanakula matunda na kucheza, anadhani huu ni ukomunisti uliofanikiwa, kumbe Morlock wa chini ya ardhi wanawafuga ili wawale. Mji haujabadilika hata kidogo, ni yeye tu ndo kajua zaidi.

Ila usikifanye kigezo hiki kuwa sheria, manake William Morris naye 1890, kwenye News from Nowhere, alimjibu Bellamy kwa kutumia mgeni vilevile, na serikali akaifuta yote, kwa hiyo mgeni peke yake hakuambii mji ni wa aina gani.

Usizunguke vitabu vizima. Kwa Zamyatin weka ingizo la 1 na la 40 la shajara pamoja, kwa Bellamy chagua sura moja ya Leete akieleza kazi, uchambue nani anauliza, nani anajibu na nani hayupo kwenye maongezi.